Nusu ya Chaki

Sanduku lilikaa katikati ya meza ya Mkuu wa Shule, limetiwa kufuli, limezungushiwa karatasi, na karatasi imegongwa mihuri minne. Mtu asiyejua angedhani ndani kuna dhahabu. Ndani mlikuwa na chaki.

"Kumi na mbili nzima na nusu moja," alisema Mkuu wa Shule. "Nilizihesabu mwenyewe mbele ya walimu wote. Hiyo nusu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Mpelelezi hakuligusa sanduku. Alivuta kiti, akaketi, akatoa daftari na miwani, akaifuta miwani, akaivaa, kisha akaivua na kuifuta tena. Katika miaka yake thelathini ya upolisi, askari wenzake walimbandika jina la Taratibu, na alipostaafu jina likamfuata mpaka nyumbani, hata wajukuu zake wakawa wanamwita Bibi Taratibu. Hakuchukia. Watu wenye haraka alikuwa amewazoea, na wengi wao ndio aliowatia ndani.

"Nieleze tangu mwanzo," alisema. "Nichukulie mimi ni mgeni kabisa."

Mkuu wa Shule alipumua. Shule ile ya bweni ya wavulana ilikuwa kongwe kiasi kwamba hata mabomba yake yalikuwa na desturi, na desturi kubwa kuliko zote ilikuwa Joho la Heshima. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa kidato cha mwisho hupewa joho jeusi lenye pindo la kijani, alivae siku ya kufunga shule, na jina lake huchorwa kwenye ubao mkubwa wa ukumbini. Hakuna zawadi nyingine, hata bahasha. Na wavulana walikuwa tayari kukesha miaka minne kwa ajili ya kitambaa hicho.

"Alama humfikisha mtoto mlangoni," alisema Mkuu. "Lakini wanaomwingiza ni walimu, kwa kura. Mwanzilishi wa shule hakuamini karatasi, maana walimu tunajuana miandiko. Kila mwalimu hupewa chaki moja, anaingia nyuma ya pazia peke yake, wakifuatana kwa ukubwa wa utumishi. Akikubali, anadondosha chaki nzima kwenye tundu la sanduku hili. Akikataa, anaivunja, anadondosha nusu, anaondoka na nusu ya pili."

"Wakikataa wangapi ndipo mtoto anakosa?"

"Mmoja tu anatosha. Nusu ikionekana, joho linabaki kabatini mwaka mzima. Ilikuwa haijatokea kwa miaka kumi na tisa."

Siku tano zilizopita ilitokea. Jina lililoletwa lilikuwa moja, la mvulana ambaye wenzake walimwita Kamusi kwa kuwa kila ukimwuliza jambo alikuwa nalo. Kamusi alikuwa mpwa wa mwalimu wa hesabu, mtoto wa dada yake mdogo. Baba yake alipofariki, mjomba alimchukua akiwa na miaka sita, akamlea katika nyumba ya walimu hapohapo shuleni. Na mjomba huyo ndiye aliyeitwa Desimali na vizazi vitatu vya wanafunzi, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua kumkata mtoto nusu alama kama yeye.

"Kabla ya kura kila mmoja alimsifu kijana," Mkuu aliendelea. "Desimali peke yake alisimama akasema, 'Kwenye hesabu bado ana uzembe.' Basi. Akaketi. Nusu ilipotoka, unadhani macho yalikwenda wapi?"

"Yeye anasemaje?"

"Ameapa. Mbele yetu, na mbele ya mtoto, kwa kaburi la mama yake mzazi, kwamba alidondosha chaki nzima. Kijana hakumwamini. Jioni ileile alibeba godoro lake kutoka kwa mjomba wake akahamia bwenini, na mpaka leo hajamsemesha. Mama yake ameiandikia bodi ya shule barua kali, anataka aliyemnyima mwanawe ajulikane. Ndiyo maana wakakuita wewe."

"Si ungerudia kura yakaisha?"

Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ningeirudia sasa hivi. Anayezuia ni Desimali. Ndiye mlinzi wa kanuni za shule, na kanuni inasema kura hairudiwi mpaka mlinzi aiombe kwa mdomo wake. Nimemsihi. Anasema hajawahi kuilegeza kanuni kwa mtoto wa mtu, hawezi kuilegeza kwa mtoto wa nyumbani kwake. Sasa niambie wewe mwenye uzoefu, mtu asiye na hatia angekataa?"

Taratibu aliandika mstari mmoja daftarini, akaupigia mstari chini: *Kukataa si kuvunja.*

"Sherehe ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Tuna muda mwingi," alisema, akaomba ufunguo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na chaki kama alivyoambiwa. Aliitoa nusu kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mvunjiko ulikuwa safi, bila mapengo wala unga mwingi. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kawaida, kwamba chaki nzima ilianguka vibaya ikavunjika yenyewe. Lakini kama ilivunjikia ndani, nusu ya pili ilipaswa kuwa ndani pia. Aliligeuza sanduku, akaligonga, akapitisha kijiti kwenye kila ufa. Chini kulikuwa na kitambaa kinene cha sufi. Akaomba chaki mpya, akazidondosha kupitia tundu mara ishirini, moja baada ya nyingine, huku Mkuu wa Shule akitazama saa. Hakuna iliyovunjika.

"Imevunjwa na mkono wa mtu," alisema. "Hilo tumelimaliza. Nusu ya kwanza naondoka nayo." Akaitia kwenye bahasha.

Aliyegawa chaki siku ya kura alikuwa mama wa stoo, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye alifika shuleni kabla ya walimu wengi na hakuwaogopa hata kidogo. Alikuwa anahesabu mafagio Taratibu alipoingia.

"Karibu, dada. Kiti ni hicho, lakini mguu mmoja ni mgonjwa, kaa upande huu."

"Siku ya kura ulikaa wapi?"

"Mlangoni mwa pazia. Ningeweza kulishika. Mwalimu anakuja, nampa chaki yake, anaingia, anatoka. Kazi ndogo, mbwembwe nyingi."

"Ulisikia chaki ikivunjika?"

Mama wa stoo aliweka fagio chini. "Nilisikia. Tak!"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wameulizana wao kwa wao, walimu kwa walimu. Na wao wote kumi na tatu wanasema hawakusikia kitu. Nikasema moyoni, haya, mama wa stoo masikio yake ni ya kuazima."

Taratibu alitabasamu. Alikuwa tayari amewauliza walimu sita waliokuwa ukumbini asubuhi, na kweli hakuna aliyesikia. Mmoja alimjibu kwa kushangaa kabisa, kwamba chaki huvunjika kutwa nzima katika shule, nani anaisikiliza.

"Alikuwa ndani nani?"

"Hapo ndipo siwezi kuapa. Ilikuwa mapema, chai haijaletwa. Mkuu wa Shule alikuwa ameshatoka. Aliyekuwa ndani alikuwa wa pili au wa tatu. Nilikuwa nimeinama natafuta chaki zilizobaki, maana mwaka huu zimenisumbua."

"Zimekusumbua vipi?"

"Zile za kura zimekwisha. Kulikuwa na kopo la chaki nene, nene kama kidole gumba cha baba mtu mzima, za tangu enzi za mwanzilishi. Zilikuwa za kura tu. Mwaka jana ndiyo zimeisha. Basi nikachukua hizi za darasani, nyembamba. Kuna ubaya?"

"Sijui bado," alisema Taratibu, na akaandika.

Wa pili katika orodha alikuwa Desimali. Wa tatu alikuwa mwalimu wa kemia, na kwa nusu saa Taratibu alimpenda sana mwalimu wa kemia kama mshukiwa. Alikuwa na sababu. Alitaka joho liende kwa kijana wa maabara yake, na alilisema hilo wazi kwa yeyote aliyekuwa na masikio. Lakini alipomfikia maabarani alimkuta na mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Mpira," alisema mwalimu wa kemia. "Wiki tatu sasa. Nilijifanya kijana."

"Pole sana. Hebu nivunjie chaki hii kwa mkono mmoja."

Hakuuliza kwa nini, na Taratibu akampa alama kwa hilo. Alijaribu kwa vidole, haikukatika. Akaigonga kwenye ukingo wa meza, ikakatika vipande vitatu na unga ukatapakaa. Akajaribu nyingine kwa meno, ikabaki na alama za meno, naye akatema mate kwenye sinki. Taratibu alilinganisha na nusu iliyokuwa kwenye bahasha. Hata moja haikufanana nayo.

"Kwa hiyo si mimi," alisema mwalimu wa kemia, na katika sauti yake kulikuwa na masikitiko kidogo, kama mtu aliyetolewa kwenye timu.

"Si wewe. Samahani kwa meno."

"Hakuna neno. Plasta hii imenitesa kuliko wewe. Wanafunzi wanaziba masikio nikiandika, ubao unalia kama paka amekanyagwa."

Taratibu alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi. "Ubao unalia kwa nini?"

"Chaki nzima ikiwa mpya hulia. Lazima uivunje kwanza katikati, ndipo inatulia. Mimi kwa mkono huu siwezi kuivunja."

"Na kabla ya plasta, ulikuwa unaivunja kila mara?"

Mwalimu wa kemia alifikiri. "Lazima nilikuwa naivunja, maana haikuwa ikilia. Lakini ukiniuliza lini nilivunja, sina la kukuambia. Ni kama kupepesa macho. Nani anajua amepepesa mara ngapi?"

Taratibu alimshukuru, akatoka, akasimama kwenye kivuli cha korido kwa muda. Hakuwa na furaha. Kuna majibu ambayo mpelelezi akiyapata hutamani angekuwa fundi cherehani.

Aliomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, somo la hesabu, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana na cha kwanza kwa Desimali siku hiyo. Desimali alimkubalia kwa kichwa. Alikuwa mtu mfupi, amevaa koti la kijivu la kufundishia, suruali imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate. Wavulana arobaini walikaa kimya. Kwa Desimali hata kikohozi kiliomba ruhusa.

Somo lilikuwa la milinganyo. Desimali alinyoosha mkono kwenye boksi bila kulitazama, akatoa chaki mpya. Tak. Nusu ikaingia mfuko wa kushoto wa koti, nusu ikaanza kuandika. Hakuna mwanafunzi aliyeinua kichwa. Dakika kumi na tano baadaye kile kipande kikaisha. Mkono boksini, tak, nusu mfukoni. Nusu iliyoingia mfukoni haikutoka tena. Karibu na kengele, mara ya tatu. Wakati huo alikuwa anamkaripia kijana mmoja aliyesahau alama ya kutoa, na sauti yake haikukatika hata kidogo chaki ilipokatika.

Wavulana walipotoka mbio kwenda kula, Taratibu alikuja mbele.

"Mwalimu, kipindi hiki umetumia chaki ngapi?"

"Tatu," alijibu papo hapo.

"Umevunja ngapi?"

"Sijavunja hata moja. Chaki ni mali ya shule."

Alilisema kwa utulivu, akimtazama usoni, na Taratibu, aliyesikiliza waongo kwa miaka thelathini, alijua kwamba mtu huyu hasemi uongo. Hilo ndilo lililomuuma.

"Naomba utoe vilivyomo mfuko wa kushoto."

Desimali alitia mkono mfukoni. Alitoa nusu tatu, akaziweka mezani. Akazitazama. Akazihesabu, kisha akazihesabu tena, yeye ambaye hajawahi kuhesabu kitu mara mbili.

"Hizi..." alisema.

"Umezivunja hapa, mbele ya watoto arobaini na mimi."

Nje, sahani zilikuwa zinagongana bwaloni.

"Nimepiga kura ile miaka ishirini na sita," alisema Desimali hatimaye. "Sijawahi kukosea."

"Kwa chaki zipi, Mwalimu?"

"Zile ne..." Hakumaliza. Alikiangalia kiganja chake cha kulia kama kiganja cha mtu mwingine. Zile nene hazikuwa za kuandikia, na mkono wake haukuwa na mazoea nazo. Hii ya mwaka huu ilikuwa nyembamba, ileile anayoishika kutwa. Taratibu hakuwa na haja ya kumfafanulia. Mtu wa hesabu ukimpa mistari miwili, wa tatu anauandika mwenyewe.

"Siku ile ulivaa koti hili?"

"Hapana. Nilivaa jeusi. La sherehe."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya bustani ya shule, vyumba viwili na baraza. Katika chumba cha pili kitanda kilikuwa na chaga tupu, godoro halipo. Koti jeusi lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mabegani lilikuwa na vumbi. Kamusi ndiye aliyekuwa akilipiga brashi kila Jumamosi. Desimali alitia mkono mfuko wa kushoto mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Taratibu alifungua bahasha. Walizikutanisha zile nusu mbili kwenye mwanga wa dirisha, zikashikana bila kuacha hata nafasi ya unywele.

Desimali aliketi kwenye zile chaga.

"Nimeapa kwa kaburi la mama," alisema. "Nimemfanya mtoto aonekane mjinga kwa kutoniamini, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

"Hukusema uongo."

"Sikusema uongo. Lakini kura ilikuwa yangu." Macho yalimlowa, naye hakuyafuta. Aliumia, na aliumia mchana kweupe mbele ya mgeni, jambo ambalo kwake lilikuwa nusu ya maumivu.

"Ukitaka, nitamweleza mimi," alisema Taratibu. "Wakati mwingine inakuwa nyepesi ikitoka kwa mtu wa nje."

"Hapana, Bibi. Niliyemwapia ni mimi."

Walimkuta Kamusi maktaba, meza ya mwisho, peke yake. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono mirefu iliyochungulia kwenye shati. Alisimama kama kanuni inavyotaka.

"Shikamoo, Bibi," alimwambia Taratibu. Mjomba wake hakumwambia kitu.

"Marahaba, mwanangu."

Desimali hakuzunguka. "Ile nusu ilikuwa yangu," alisema.

Uso wa kijana ulikaza. "Uliapa."

"Niliapa, na nilichoapa nilikiamini." Akaweka zile nusu mbili mezani, akamweleza hatua kwa hatua kama anavyofundisha. Alianza na chaki nene zilizokwisha, akaja kwenye hizi nyembamba na mkono uliozoea, akamalizia na mfuko wa koti. Hakujitetea popote.

"Wewe?" alisema Kamusi. "Wewe unayenikata alama kwa nukta?"

"Mimi."

"Sasa ulikuwa unawaza nini huko nyuma ya pazia mpaka usijue mkono wako unafanya nini?"

"Nilikuwa nawaza joho. Kwamba ukilivaa mikono yake itakuwa mifupi, na itabidi mama yako alishushe lile pindo kabla ya sherehe. Nikawa nawaza atapata wapi uzi wa kijani. Niliwaza uzi ule mpaka nikatoka nje."

Kamusi aliangalia meza.

"Kwa hiyo ulikubali," alisema.

"Nilikubali kabla jina lako halijasomwa."

"Hujawahi kuniambia."

"Sijawahi. Sikiliza. Kura hairudiwi mpaka niiombe. Nilikataa kwa sababu wewe ni wa nyumbani kwangu, nilitaka watu wasiseme. Sasa amua wewe. Ukiniambia niache, nitaacha, na nitasimama mbele ya shule nzima niseme nusu ilikuwa yangu. Ukiniambia niombe, nitaomba."

Taratibu alijiandaa kusikia maneno ya kishujaa, yale wanayosema vijana wema kwenye hotuba za kufunga shule, kwamba heshima iko moyoni na kitambaa si kitu. Kamusi alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Omba," alisema, na sauti ikamvunjika. "Ninalitaka, Mjomba. Ninalitaka sana. Nenda kaombe sasa hivi."

Desimali aligeuka, akatoka, na koridoni ambako amewaadhibu wavulana kwa miaka ishirini na sita kwa kosa la kukimbia, Taratibu alisikia viatu vyake vinakimbia. Kijana naye alisikia. Kisha mlango wa ofisi ya Mkuu wa Shule ukafunguliwa bila kubishwa hodi.

"Mkuu," sauti ya Desimali ilisema, ikihema, "nimekuja kuomba."